Mkono Usiokauka

Asubuhi ile Wakoli alipitisha kidole gumba juu ya karatasi, kama walivyozoea kuipima, nacho kikateleza na kuacha mchirizi wa mafuta. Akakinusa, akakunja uso.

"Mzee Zadock," akasema, "hii inanuka gugumaji lililooza. Nani amekuja na ziwa kazini?"

Zadock Ogola alicheka kidogo, mwenzake asije akaona hofu yake. Doa lile bichi, katikati ya karatasi iliyokauka vizuri pande zote, lilikuwa na kiganja na vidole.

Kiwanda chao, karibu na mtaa wa Obunga, kilitengeneza ile karatasi telezi inayobeba stika mgongoni, ambayo mtu huibandua na kuitupa bila kuifikiria. Mashine iliipaka silikoni, nyembamba kama pumzi kwenye kioo, kisha ikaipitisha chini ya taa za miale mikali isiyoonekana kwa macho, na silikoni iliyoingia ikiwa majimaji ikatoka imeganda kufumba na kufumbua. Bila miale haikauki. Palipoangukiwa na kivuli hubaki pabichi. Zadock alilijua hilo kuliko alivyowajua majirani zake wa Kaloleni, na ndiyo sababu aliogopa, kwa maana taa zilikaa ndani ya mfuniko wa chuma uliokazwa kwa skrubu, na mashine ikiwa inakwenda hapakuwa na mkono wa mtu ambao ungeweza kuingia humo.

Wakoli alizilaumu taa. Wakazibadilisha, wakasafisha vioo vyake. Doa likarudi, na safari hii lilikuwa na kifundo cha mkono na bangili.

Bangili hiyo Zadock aliijua. Mkewe, Awuor, aliivaa siku alipopanda boti kwenda kumzika mama yake ng'ambo ya ghuba, mwaka wa tisini na moja. Boti ilipinduka. Wengine walipatikana, hai au maiti, yeye hakupatikana. Wazee wa kwao Seme wakaja na desturi ya baba zao: mwili ukikosekana, huzikwa mahali pake tunda la yago, refu na zito kama mtoto mchanga, ili aliyepotea apate pa kulala na walio hai wajue kwamba wamekwisha lia. Zadock, shemasi wa kanisa, aliwarudisha walikotoka. Aliwaambia Mkristo haziki tunda, na kwamba siku ya mwisho bahari na maziwa yatawatoa wafu wao. Alisema kweli, lakini kweli hiyo aliitumia kuufunika uongo, na dhambi ya namna hiyo ni nyembamba sana, wengi huipaka juu ya mioyo yao wakaenda nayo hadi madhabahuni. Hakuogopa ibada ya sanamu. Aliogopa kaburi, kwa sababu kwenye kaburi kungoja hukoma.

Basi akafanya kama mfalme Sauli, ambaye Mungu alipomnyamazia alikwenda kutafuta sauti gizani. Wenzake walipotoka jioni alijitolea kubaki, akisema anasafisha mitambo. Chumba cha mashine kilizibwa madirisha kwa vitambaa vyeusi, jua lisije likaikausha silikoni kabla ya wakati wake. Humo aliwasha taa, akapitisha karatasi, akaongea.

Alimweleza Awuor habari za nyumba. Kwamba bado anasonga ugali wa watu wawili. Kwamba kanisani watu humpa mkono wakauondoa upesi. Alimkumbusha kitambaa chake cha kichwa, alichokifunga fundo upande mmoja. Kesho yake kivuli kilikuwa na kichwa, na fundo upande mmoja. Alimkumbusha pengo la meno yake ya mbele. Kesho yake ukatokea mdomo, wazi, na pengo lake. Karatasi hizo Wakoli hakuziona. Zadock alizikata, akazipeleka nyumbani, akazitandika kitandani upande uliokuwa wa mkewe, na asubuhi alizikuta zingali mbichi, na godoro limelowa maji ya matope. Mtu asimcheke. Aliyelala peke yake mwaka baada ya mwaka hupapasa, wala haulizi amegusa nini.

Jioni moja alisema jambo lisilokuwa kumbukumbu. Hawakujaliwa mtoto; lakini moyo ulimlemea, akanong'ona, "Nyakati nyingine nafikiri ulikuwa umebeba mtoto wetu, ukakosa nafasi ya kuniambia."

Mashine ikapunguza mwendo bila kuguswa, na harufu ile kali ya taa, inayofanana na hewa baada ya radi, ikamezwa na harufu ya samaki waliooza na matope ya chini kabisa, na karatasi ikatoka polepole, ikiwa na mwanamke mzima tangu utosini hadi nyayoni, tumbo lake limejaa kama mwezi, na ndani ya tumbo hilo, mbichi kuliko ubichi wote, kiganja kidogo kikiwa kimebanwa kwa ndani, kama cha mtu anayepima unene wa ukuta kabla ya kuubomoa.

Zadock akafurahi. Akatafuta bisibisi, akaanza kulegeza skrubu za mfuniko, taa zikiwaka.

Mkono ukamshika bega. Alikuwa Selpha, shangazi yake, mama wa maombi kutoka Nyalenda. Wakoli, aliyechoka kumsikia mwenzake akizungumza na mashine, ndiye aliyekwenda kumwita, naye sasa alisimama mlangoni, hataki kuingia. Selpha aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Awuor alikuwa na mimba?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Shangazi."

"Nani alisema alikuwa nayo?"

"Mimi."

"Basi huyu amezaliwa mdomoni mwako, wuoda, mwanangu. Mke wako hakulijua neno hilo. Jini limelijua kwa sababu limekusikia. Unalilisha."

Chini ya mfuniko sauti ya Awuor ikasema kwamba kuna baridi, afungue. Ilisema taratibu, kama alivyokuwa akisema mlangoni mvua ikinyesha. Wakoli akaanza kunong'ona Baba Yetu kwa lugha ya mama yake.

"Mimi siwezi kulitoa," Selpha akasema, naye alikuwa akilia. "Hili lilikaribishwa. Mwambie Mungu ukweli, lisikie."

Zadock alifungua kinywa mara kadhaa, na kila alipokifungua sauti ile ilimtangulia, ikimwita majina ambayo mke peke yake huyajua, majina ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyataja mle ndani jioni baada ya jioni, hata akatambua kwamba hapakuwa na hata moja ambalo hakulitoa yeye.

"Awuor amekufa," akasema.

Kitu kikacheka, kwa sauti ya Zadock. Akarudia, mara hii akiwa amepiga magoti, na taa zikapasuka.

Jumamosi walilizika tunda la yago huko Seme, upande wa kushoto wa nyumba, anapozikwa mke. Selpha aliomba. Zadock alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti, mbele za watu, na wazee hawakumkumbusha chochote.

Taa mpya zilipofungwa, karatasi ilitoka kavu mwanzo hadi mwisho. Wakoli alisugua kidole gumba, akasema leo atakula chakula cha mchana bila kunusa ziwa. Lakini wenzake walipokwenda nyumbani, Zadock alijikuta anakunjua karatasi iliyokwisha viringishwa, akiinamisha kwenye mwanga, akitafuta hata alama ya ukucha, asijue anatafuta kama fundi au kama mume. Haikuwa na kitu. Machozi yakamdondoka juu yake, nayo hayakushika. Yalijikusanya matone, yakateleza, yakaanguka sakafuni. Alimshukuru Mungu kwa weupe ule, na weupe ule ukamuuma.

Ndipo chini ya mfuniko, taa zikiwa zimezimwa, kitu kikahema mara moja, kwa upole, kama mtu anayengoja kuulizwa habari za kutwa.

Jina la Awuor lilikuwa limekwisha fika ulimini. Zadock akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, hadi nje, kwenye jua la jioni.