Simu Haziingii Chumba cha Mawe

Soko la Chake Chake lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Ngwali, mwalimu wa fizikia kutoka Madungu, alikuwa ameshika pweza mkononi aliposikia sauti aliyoikosa miaka sita.

"Maalim, pweza huyo nishamlipia mie!"

Akageuka. Mwanapili! Baibui jeusi, mtandio wa rangi ya embe, na harufu ileile ya asumini ya enzi zile walipokuwa wakila doriani kule Pujini, wakibishania majina ya watoto watakaowazaa.

"Mchukue," alisema Ngwali kwa ukavu. "Mumeo hajambo?"

"Mume gani?"

"Aliyepokea simu yako kule bara. Mchana kweupe akanambia, 'Yumo chumbani, kasema asisumbuliwe.'"

Mwanapili alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kicheko kikaisha, machozi hayakukoma.

"Yule Mzee Nyange, mlinzi wa maabara! Nilikuwa napima mawe ya volkano, Ngwali. Lava ikipoa, jiwe huhifadhi alama ya sumaku ya dunia ya wakati ule. Sisi hulipasha moto upya, kidogo kidogo, tukajua miaka laki moja nyuma sumaku hiyo ilikuwa na nguvu kiasi gani. Chumba kile simu haziingii, huachiwa yeye mlangoni; hata pini ya mtandio haiingii, huvuruga vipimo. Nilipotoka nikakupigia. Hupatikani!"

"Laini niliivunja siku ileile."

"Bila ya kuniuliza, mpenzi wangu?"

Ngwali aliinamisha kichwa.

"Na Bi Asya, mamaako?"

"Alitangulia mwaka juzi. Kila siku akikuulizia, nami nikimwambia umeolewa."

Mwanapili akaziba uso kwa mtandio.

"Narudi bara Jumamosi," alisema hatimaye. "Baba yuko Vitongoji. Kama una la kusema, kamwambie yeye."

Alasiri hiyo Ngwali alikaa barazani kwa Mzee Mmanga, babaake Mwanapili, kanzu imenyooka kwa pasi, akaeleza yote bila ya kujitetea. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mie nishasamehe," alisema. "Lakini mamaako kafa na uongo huo. Msomeeni hitima kwanza. Harusi baadaye."

Hitima ilisomwa Alhamisi, Ngwali akalia mbele za watu vile ambavyo hakulia siku ya maziko. Ijumaa, baada ya sala, akaozwa Mwanapili.