Mzigo wa Mbweha

Jumatatu hiyo Dorkasi alikuwa akipalilia mchicha nyuma ya nyumba yao, mtaani Mabawa, jua likiwa bado halijakaza. Mwaka ulikuwa wa hamsini na nne, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza kulainisha udongo. Mumewe, Asheri, alikuwa amerudi kazini kwenye shamba la mkonge kwa wiki ya tatu sasa, na nyumba ilikuwa na kile kimya cha mahali palipokuwa na mgonjwa.

Miezi mitano Dorkasi aliuuguza mguu wa mumewe. Mwiba wa mkonge ulimchoma Asheri kwenye muundi wa mguu wa kushoto; pakawa kipele, kipele kikawa jipu, jipu likawa donda. Dorkasi akaosha, akafunga, akafua matambara, akaosha tena. Halafu, ghafla, donda likafunga ndani ya siku nne. Dresa wa zahanati alitikisa kichwa tu. Dorkasi alimshukuru Mungu kanisani, akarudi nyumbani, akagundua kwamba uchovu haukuondoka pamoja na ugonjwa. Ulikuwa umehamia ndani yake kama mpangaji.

Ndipo alipomwona mbweha.

Alikuwa amelala chini ya mpapai, mchana kweupe, ulimi nje. Mbweha mzima hasubiri mtu amkaribie. Huyu alimtazama tu. Mguu wake wa nyuma, wa kushoto, ulikuwa umevimba na kuoza, nzi wakigombea nafasi. Shingoni alikuwa amefungwa kitambaa kilichosokotwa kwa rangi tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, kimekaza hata manyoya yamenyonyoka.

Mwanamke mwingine wa mtaa ule angeziona rangi zile za kiganga akarudi nyuma. Dorkasi alikuwa Mlutheri wa Usambara. Yeye aliona kitambaa kinachomnyonga mnyama. Akaleta kisu cha jikoni, akakikata, akakitupa jaani.

Mbweha akashusha pumzi ndefu. Pumzi ya mtu anayetua mzigo.

Mikono ya Dorkasi ikafanya kazi bila kumwuliza mwenyewe. Maji ya chumvi, ya vuguvugu. Dawa ya zambarau iliyosalia chupani. Tambara safi. Uji, na vichwa vya dagaa. Asheri aliporudi jioni, alisimama uani akacheka.

"Mama Lea, nilidhani umechoka kuuguza."

"Nimechoka. Lakini huyu hajui."

Jumatano mbweha alisimama kwa miguu mitatu. Jioni hiyo Asheri alirudi akichechemea. Alhamisi mbweha akaujaribu mguu wa nne, akaukanyagia kidogo. Asheri alipovua kiatu, kovu lilikuwa limepasuka. Ijumaa donda la mbweha lilikuwa jekundu, safi, linajaza nyama. La Asheri lilikuwa jeusi. Harufu ile ya miezi mitano ilikuwa imerudi, na Dorkasi aliitambua kabla hajafungua mlango.

Jumamosi asubuhi homa ilimpanda Asheri, akaanza kuwaita watu waliokwisha kufa. Dresa alikuja, akabonyeza paja, akamwita Dorkasi kando.

"Usaha unapanda," alisema kwa sauti ya chini. "Ukifika kinenani, mama, usiniite mimi. Mwite mchungaji."

Mchana wake Dorkasi alikwenda kumwosha mbweha, kwa kuwa mikono haikujua kitu kingine. Akabonyeza donda. Ndani ya nyumba Asheri akapiga ukelele. Dorkasi akatoa mkono. Kimya. Akabonyeza tena, taratibu sana.

Asheri akapiga ukelele tena.

"Hodi hapa!" Alikuwa Mwatum, jirani yao, mjane wa Kipemba, kaja na bakuli la muhogo wa nazi.

"Karibu. Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Ama nyie watu wa milimani! Mmechoka kufuga mbuzi, sasa mwafuga..."

Hakumaliza. Alikuwa ameuona mguu. Kisha shingo, na ile alama ya manyoya yaliyonyonyoka. Bakuli likamponyoka.

"Kitambaa kiko wapi?" alinong'ona.

"Nilikikata. Kilikuwa kinamnyonga."

Mwatum akaketi palepale udongoni, na kanga yake safi.

"Nilichukua tambara moja kwenye kamba yako, lina damu ya mumeo," alisema. "Nikaenda nalo kwa mganga mmoja wa Kigombe. Akamtega mbweha, akamlisha lile tambara, akamfunga maradhi shingoni, akamwachia porini afe nayo. Wewe ulikuwa wasinzia umesimama, Mama Lea. Nilikuona kisimani. Nikasema, huyu atatangulia kabla ya mgonjwa wake."

"Hukuniambia."

"Ungekubali?"

Dorkasi akautazama mguu wa mbweha.

"Maradhi ni ya mmoja, mwanangu. Huyu akipona, yule ataoza."

Mwatum alifukua jaa kwa mikono mitupu mpaka akakipata kitambaa, kimeloa, rangi zake tatu hazijachuja. Akamtilia Dorkasi mkononi pamoja na fimbo. "Aliyefungua ndiye afunge. Mwambie, beba chako. Kisha mpige mpaka aingie kwenye mkonge. Na usimtazame usoni."

Dorkasi akachuchumaa. Mbweha akamwona. Polepole akaunyosha mguu mbovu, akauweka juu ya paja lake. Kisha akageuza uso pembeni, asione.

Hivyo ndivyo Asheri alivyofanya, kila asubuhi, miezi mitano.

Fimbo ikamshuka mkononi. Alikuwa amechoka. Amechoka kuosha. Amechoka kuomba. Amechoka hata kuogopa. Akakishika kitambaa kwa meno, akakipasua. Nusu akamfunga mbweha. Nusu akaingia nayo ndani, akamfunga Asheri, aliyekuwa akiweweseka, juu ya goti.

"Gawaneni," alisema.

Mlangoni Mwatum alijiziba mdomo. "Mwanangu," alinong'ona, "mganga hakunitajia habari ya nusu."

Dorkasi hakumsikia. Alikuwa amekwisha kulala, kichwa ukingoni mwa kitanda.

Kengele ya kanisa ndiyo iliyomwamsha. Mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Paji la uso la Asheri lilikuwa baridi, naye alipumua kama mtoto aliyeshiba. Dorkasi akatoka nje polepole.

Mbweha hayupo.

Nyayo zilikuwepo. Zilikatiza katikati ya mchicha kuelekea kwenye mkonge, zimezama vizuri kwenye tope. Tatu za mnyama. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilikuwa ya mtu. Vidole vitano. Kisigino.

"Mama Lea! Hauumi! Njoo uone, hauumi!"

Asheri alikuwa akija, peku, anatembea sawasawa, anacheka. Dorkasi aliutazama ule mguu. Ulikuwa mguu wa mumewe, mzima, na kovu lake limekauka. Akashukuru. Kisha akatazama pale alipopita.

Mguu wa kulia. Mguu wa kulia. Mguu wa kulia.

Na katikati yake, kila hatua, vidole vinne na kucha.

"Mbona walia?" Asheri aliuliza.

"Furaha," Dorkasi alisema. "Nenda kavae viatu."

Akachukua ufagio. Mwatum husema hapakuwa na ua safi kama ule Mabawa nzima. Dorkasi aliamka kabla ya mumewe, akalala baada yake, na siku za mvua hakuketi kabisa. Miaka minne alifagia hivyo, na Asheri hakupata kuugua hata mafua.

Kisha Asheri akatia saruji barazani kwa mikono yake mwenyewe, kumfurahisha mkewe. Siku hiyo Dorkasi alikuwa sokoni. Aliporudi, saruji ilikuwa imekauka, na mumewe alikuwa amevuka juu yake peku mara moja, ikiwa bado mbichi, kufuata ndoo.

Mkeka wa kwanza wa kufunikia pale alitoa Mwatum. Wapangaji walioingia baadaye waliambiwa wabadilishe mkeka wakitaka, lakini wasiuondoe kabla ule mwingine haujatandikwa.