Nilimsingizia Mungu, Nambeye Akaondoka

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na minane, mkulima wa kahawa huku Isansa. Kanisani nilikuwa nakaa benchi la mbele, na watu walinisalimia kwa heshima. Laiti wangejua!

Mke wangu wa kwanza, Nambeye, alikuwa Mnamwanga kutoka karibu na Tunduma. Tulipopanda kahawa, kiangazi kilikuwa kikali mno. Mimi nilikata tamaa. Yeye alichota maji mtoni kila siku, akamwagilia mche mmoja mmoja.

Miaka saba ikapita bila mtoto... Wazee wa ukoo wakasema nioe mwingine, ndiyo mila. Je, nilijiuliza kama ni haki? Hata siku moja! Nikamwoa Tabu, akanizalia watoto watatu. Nambeye ndiye aliyewabeba mgongoni.

Kisha nikataka kubatizwa. Mwinjilisti akaniambia mwenye wake wawili habatizwi, abaki na mmoja. Nikamwuliza, yupi?

"Hilo silisemi mimi, ndugu yangu," akajibu. "Iulize dhamiri yako. Na atakayeondoka asitoke mikono mitupu."

Dhamiri! Ningeitoa wapi, mtu niliyezoea kuamuliwa na wengine? Nguo ya kuazima haistiri matako, lakini mimi ndiyo niliyoivaa tena. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Nambeye kwamba kanisa limeamua aondoke yeye, kwa sababu Mungu hakumpa mtoto.

Akauweka chini ungo wa mahindi. "Mungu ndiye kasema, mume wangu?"

Nikasema ndiye.

Hakulia. Alifunga nguo zake, akachukua jembe lake, akapita katikati ya kahawa iliyojaa matunda mekundu. Sikumpa hata shina moja. Mwinjilisti alipouliza, nikamwambia ameondoka kwa hiari yake. Nikabatizwa, nikafanywa mzee wa kanisa, nikawa nawahukumu wenzangu. Mimi!

Miaka kumi na tano baadaye, binti yangu mkubwa alirudi nyumbani na mzigo kichwani. Hakuwa amezaa, na mumewe alikuwa amemfukuza akidai wazee wa ukoo wake ndio walioamua.

"Baba," aliniuliza huku akilia, "kwani yeye mwenyewe hana moyo?"

Nikamtua mzigo. Swali lile lilikuwa langu...

Nikaswaga ng'ombe wawili, nikaenda kwa kaka zake Nambeye. Nilimkuta akipalilia ulezi, nywele zimekuwa nyeupe. Nikamwambia ukweli wote, nikipiga magoti kwenye udongo.

Akalisimamisha jembe.

"Miaka yote hii," akasema, "kengele ya kanisa ikilia nageuza uso. Nimemnunia Mungu... kumbe ulikuwa wewe! Rudi na ng'ombe wako. Na Mungu nitazungumza mwenyewe. Na wewe sina la kuzungumza."

Akaendelea kupalilia.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikayasema yote. Tangu siku hiyo nakaa nyuma, karibu na mlango, na wengi hawanisalimii. Wana haki.

Enyi vijana, nawasihi! Mila mzisikie, kanisa mlisikie, lakini mnapomtendea mtu jambo, litendeni kwa jina lenu wenyewe. Mkiona aibu kulitaja jina hilo, basi msilitende. Mimi nililijua hili baada ya kumnyang'anya mwanamke mume, shamba, na hata Mungu wa kumlilia.