Sauti Ndani ya Gari la Kimya

Mtaa wa vifaa vya magari ulikuwa na kelele zake siku zote, lakini asubuhi ile kelele moja ilizimeza nyingine zote. Gari dogo jeupe la haibridi, la petroli na umeme, lilikuwa limekwama kwenye foleni katikati ya maduka ya spika, na ndani yake mwanamke wa redio alikuwa akipayuka kwa lugha ya kigeni, sentensi ileile, kwa sauti ya juu kabisa. Muuza vifuniko vya usukani aliziba masikio huku akicheka.

Dada mshonaji aliyekuwa nyuma ya usukani alibonyeza kila kitufe alichokiona. Wapi! Alikuwa amevaa gauni la bluu la mikono mifupi, limemkaa kama linavyomkaa mtu aliyejishonea mwenyewe, na kwa haraka za asubuhi alikuwa ametoka na tepu ya kupimia shingoni.

Kijana mwenye ovaroli iliyopauka magotini akagonga kioo kwa mpini wa bisibisi.

"Dada, huyo mama mkwe uliyempakia anasema nini?"

"Ningejua si ningemjibu!"

"Basi mlete kwangu tumnyamazishe. Pinda kushoto, pale penye turubai."

Alipinda. Gari hilo alikuwa amepewa na mchumba wake, mfanyabiashara wa simenti, na tangu apewe alikuwa hajapinda popote bila simu kuita. Mchumba alikuwa na ramani kwenye simu yake, na gari lilionekana humo kama kidoti chekundu. "Ni kwa usalama wako," alikuwa amemwambia, na alimaanisha. Hilo ndilo lililomfanya ashindwe hata kununa.

Fundi hakuanza na dashibodi. Alifungua buti, akainua zulia na kuonyesha betri ndogo iliyojibanza pembeni.

"Gari hili lina betri mbili. Ile kubwa ina nyaya za rangi ya chungwa, hiyo hatuigusi hata kwa utani. Hii ndogo ndiyo mwenye nyumba. Redio, rimoti, buti, vyote vinaisikiliza yenyewe." Akachomoa waya, akauvika kitambaa. "Na ikifa, hata buti halifunguki kwa nje."

"Sasa mtu anafanyaje?"

"Anatambaa kwa ndani kama mwizi. Siku moja nitakufundisha, Tepu."

"Nani Tepu?"

Fundi akaionyesha shingo ya mshonaji kwa kidevu. Mshonaji akaishika tepu, akacheka mpaka akaegemea gari. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo bila kwanza kutazama simu.

Redio ile ilikuwa haitengenezeki, na mpya mshonaji aliinunua mwenyewe, kwa fedha za mashono yake. Lakini fremu ya kuishikilia ilikataa kuenea kwenye dashibodi. "Nitakutafutia nyingine. Urudi kesho," fundi akasema. Kesho yake fremu ilienea, ila spika ya kushoto ikakoroma. Ilipoacha kukoroma, mshonaji akadai bado anaisikia. Fundi alijua haikoromi. Naye alijua kwamba fundi anajua, na bado alimshikia tochi huku mabega yao yakigusana na harufu ya plastiki iliyopata joto ikijaa ndani ya gari.

"Nisikilize vizuri, Tepu. Gari hili halingurumi. Ukikanyaga breki ndipo ubonyeze kitufe, limewaka. Usipokanyaga, redio itaimba tu, lakini gari limelala na kibetri kinaliwa taratibu."

"Nitajuaje kama limewaka?"

"Taa hii ya kijani. Itazame hiyo, usinitazame mimi."

"Nani anakutazama, Fundi Kelele?"

"Haya, lete simu tuiunganishe, tujaribu kupokea."

Hawakuhitaji kujaribu. Simu iliita palepale, fundi akagusa kioo cha redio, na sauti ya kiume ikajaa kwenye spika zote, nzito na safi.

"Mke wangu, mbona gari liko mtaa uleule tena? Mama yako amekubali, sherehe ya uchumba ni Jumamosi. Ukumbi nimeshaupata. Halo? Unanisikia?"

"Nakusikia," mshonaji akajibu.

Simu ilipokatika, fundi alikuwa akirudisha bisibisi zake kwenye mfuko, moja moja.

"Spika zinafanya kazi vizuri, dada," akasema.

"Nilitaka kukwambia..."

"Kazi imekwisha, dada. Usisahau taa ya kijani."

Mshonaji alimpigia fundi jioni ile. Hakupokea. Akampigia tena asubuhi, simu ikaita mpaka ikachoka.

Nyumbani hapakuwa na nafasi hata ya kulia. Sebule ilijaa mikeka na vikapu, shangazi akijaribu viatu, mama akizunguka na simu sikioni akihesabu wageni kwa majina. Mshonaji alikaa kwenye cherehani akimalizia gauni lake la uchumba, la rangi ya maziwa, lenye vifungo mgongoni kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Mama, hilo gauni linanibana."

"Si umelishona mwenyewe, mwanangu?"

"Ndiyo. Lakini linanibana."

Mama akashusha simu. "Mwanaume mpole, hanywi, hapigi, amekupa gari. Unataka nini zaidi, akuletee ndege?"

"Nataka mtu aniulize kwanza, mama."

"Akuulize nini tena? Si ulinyamaza tulipokwambia! Mwanamke akinyamaza amekubali," shangazi akadakia. Wakacheka wote wawili, na mama akarudi kwenye wageni wake.

Jumamosi alisema ataendesha mwenyewe na atavalia ukumbini. Gauni alilitandaza ndani ya buti likiwa kwenye mfuko wa plastiki, akafunga. Yeye alivaa fulana na sketi yake ya kazini.

Mtaa mmoja kabla ya ukumbi, alipinda ghafla. Akaegesha nyuma ya ukuta wa ghala la vitambaa, akazima. Baada ya dakika chache ukimya ulimzidi. Akabonyeza kitufe, redio ikaanza kuimba, na yeye akafumba macho, nyimbo nyingi zikapita. Hakukanyaga breki. Wala hakukumbuka kuangalia taa ya kijani.

Muziki ulikatika katikati ya neno. Kioo cha redio kikawa cheusi. Alibonyeza kitufe, kimya. Alishuka akavuta mlango wa buti. Haukutikisika.

Simu ikaita.

"Gari limepotea kwenye ramani," mchumba akasema. "Uko wapi? Watu wote wameshafika."

Mshonaji alitazama ukuta, mapipa ya taka, paka aliyelala juu ya matofali. Tangu apewe gari lile, hapakuwahi kuwa na dakika ambayo hakuna anayejua alipo. Moyo ulimwenda mbio, na si kwa woga tu.

"Nipo karibu. Nipe muda kidogo."

Akampigia fundi. Safari hii ilipokelewa.

"Kibetri kimekufa," akasema haraka kabla fundi hajakata. "Gauni liko kwenye buti. Nifundishe kutambaa."

"Hukuangalia taa, dada."

"Sikuangalia. Nifundishe, halafu ukate simu kama unataka."

"Laza viti vya nyuma. Panda. Kichwa kwanza."

Akapanda, simu imebanwa kati ya sikio na bega, magoti yakikwaruza zulia. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Gauni kwenye mfuko wake wa plastiki lilimgusa shavuni.

"Chini ya mlango wa buti kuna kifuniko kidogo. Kibandue."

"Kwa nini hukuniuliza chochote siku ile?" akauliza, vidole vikipapasa.

"Nilisikia 'mke wangu' kwenye spika nne. Ningeuliza nini?"

"Ungeniuliza kama nimekubali. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi nilinyamaza, hilo ni langu. Kifuniko kimetoka."

Pumzi ya fundi ilisikika. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imelegea. "Kuna komeo la chuma ndani. Una bisibisi?"

"Nina mkasi."

"Lisukume kwa pembeni." Halafu, polepole: "Tepu, umekubali?"

Alilala pale gizani, mkasi mkononi, jasho likimtiririka mpaka masikioni. Ilikuwa ajabu kwamba watu wote wale waliovaa vizuri walisubiri jibu, na swali dogo hivyo halikutoka kwa hata mmoja wao.

"Hapana," akasema kwa sauti, kisha akasukuma komeo. Tah! Mlango ukaachia, mwanga ukamwagika usoni.

"Nije?" fundi akauliza.

"Usije sasa. Hapa ninapokwenda naenda peke yangu."

Gauni aliliacha palepale. Aliingia ukumbini na sketi yake ya kazini, vumbi magotini, nywele zimesimama. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye maturubai. Alimwendea mchumba moja kwa moja, akamwomba watoke kidogo, na nje akamwekea ufunguo kiganjani.

"Nimekukosea nini?" mchumba aliuliza. Tai yake ilikuwa imekaa upande.

"Hujanikosea. Siwezi kuolewa na wewe, na nilipaswa kusema mapema. Nisamehe kwa hilo."

"Nilitaka tu nijue uko salama."

"Najua. Lakini nilikuwa nakosa pumzi."

Mama alilia, shangazi akasema yake mengi, na mshonaji akasimama akayasikiliza yote mpaka mwisho. Alipoona mama amechoka, alimshika mkono. Mama hakuuvuta.

Siku iliyofuata gari liliburutwa hadi penye turubai. Mshonaji alikuwa amemwambia mchumba wazi kwamba gari ni lake, ila redio ni jasho la cherehani, haiachwi. Akachomoa waya wa kibetri mwenyewe, akauvika kitambaa, akashika tochi. Fundi akaitoa redio mpya, akarudisha ile ya zamani na kukichaji kibetri, na hawakusemezana sana. Mabega yao yalikuwa yanasema.

Mchumba alikuja kulichukua jioni. Aliwapa mkono wote wawili, jambo lililomgharimu, likaonekana. Akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, na yule mwanamke wa kigeni akampayukia kwa nguvu zote mpaka akaruka kitini. Gari likaenda zake likipiga kelele mtaa mzima.

Fundi alijikaza. Mshonaji alijikaza. Kisha wakashindwa wote wawili, wakaangua kicheko.

"Hii sasa nikufungie wapi, Tepu?" fundi akauliza, redio mkononi, akifuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Juu ya cherehani yangu. Mama yupo nyumbani, atakukagua kwanza."

"Na fremu ikikataa kuenea ukutani?"

"Urudi kesho."

"Ikienea je?"

Mshonaji aliivua tepu shingoni, akamvisha yeye.

"Urudi hivyo hivyo."