Tutaelewana Haitoshi

Shamila alikuwa hajameza hata tonge la kwanza simu ilipoita. Akakiangalia kiporo chake kando ya kikombe cha chai, akaiangalia simu, akapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapo? Sasa, kuna kakazi kadogo tu. Ile picha ya mzinga tumeona haionekani vizuri. Ikuze."

"Sawa baba. Usijali."

Huyo alikuwa mzee Tobias, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki huko Sikonge. Kikundi kilitaka tovuti, yaani kurasa zake chenyewe kwenye intaneti. Mnunuzi aliye mbali angezifungua kwenye simu, akaiona asali, akapiga kuagiza. Shamila ndiye fundi wa tovuti hiyo. Hufanyia kazi nyumbani kwake Gongoni, Tabora mjini, juu ya meza ile ile anayokunjia nguo. Hana bosi, na watu humwambia anafaidi. Laiti wangejua!

Hajakaa vizuri, simu tena. Safari hii mzee Vedasto, katibu.

"Binti, ile picha ya mzinga iondoe kabisa. Watu wa siku hizi wanataka kuona chupa."

"Sawa baba. Usijali."

Chai ilikuwa imekwisha kupoa alipopiga mama Apolinaria, mweka hazina. Yeye alitaka rangi ya njano, ifanane na nta. Tena alitaka ukurasa mwingine wa uyoga, kwa sababu akina mama wa kikundi hukausha uyoga wa porini.

"Kakazi kadogo tu, mwanangu."

"Sawa mama."

Mtu umekwisha kumwamkia shikamoo, utamwambiaje hapana? Shamila hakujua. Basi leo anabadilisha, kesho anarudisha alichobadilisha jana. Kazi ilianza mvua zikinyesha. Sasa kiangazi kimeshika, vumbi limejaa madirishani, na tovuti haijafunguliwa. Macho yanamuuma. Mgongo ndiyo usiseme.

Shomari, mumewe, alimtazama akimwaga chai iliyopoa.

"Kaka Idrisa bado anatafuta mtu wa kukaa dukani kwake Kanyenye," alisema. "Jioni unafunga duka, unarudi, unapumzika. Nimjibu nini?"

"Mwambie mwezi ujao nakuja," Shamila akajibu. "Hii kazi imenishinda."

Ilimuuma kusema hivyo. Kazi hii alijifunza kwa taabu, na aliipenda kweli. Lakini amechoka jamani. Ataipendaje kazi inayomla mzima mzima?

Siku hiyo hiyo jirani yake Najiat alikuja kurudisha kinu. Najiat ni msaidizi wa kisheria. Huwasaidia watu wa mtaa kuelewa haki zao: wapangaji, wajane, mafundi. Alimkuta Shamila amejiinamia mezani.

"Wewe! Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka." Shamila akamsimulia yote.

"Pole. Sasa hebu niambie, mlikubaliana nini?"

"Nilikutana na mzee Tobias harusini. Akanieleza shida ya kikundi. Nikamwambia, usijali baba, tutaelewana. Tukashikana mikono."

"Na mmeelewana?"

Shamila akacheka bila kupenda. "Hata wao kwa wao hawajaelewana!"

Najiat akavuta kigoda. "Sikiliza. Wazee hawakukuonea. Hakuna aliyejua kazi inaishia wapi, hata wewe. Mliandikiana?"

"Niwaandikishe wazee wale? Wataona siwaamini."

"Maandishi si ya kumwita mtu mwizi. Yanawakumbusha nyote mlichosema. Andika kurasa wanazotaka, na kwamba ikizidi hapo ni kazi mpya yenye bei yake. Andika picha na maelezo analeta nani, na lini. Marekebisho, sema utafanya mara mbili tu bila malipo. Andika na tarehe ya kumaliza."

"Na pesa?"

"Sehemu mwanzoni, sehemu mwishoni. Hata kazi ikivunjika katikati, mjue aliyefanya kiasi gani analipwa nini. Na usisahau jina la tovuti na neno lake la siri. Kazi ikiisha ni mali ya kikundi, uwakabidhi. Halafu kubwa kuliko yote kwenu ninyi: nani anasema kwa niaba ya kikundi? Mmoja tu!"

"Lakini kazi imekwisha kuanza."

"Ndiyo, ungeandika kabla. Hukuandika. Basi nenda sasa, hujachelewa."

Shamila aliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi. Akapanda basi la Sikonge. Aliapa moyoni kwamba hili ni jaribio la mwisho. Wakikataa, anakwenda kukaa dukani kwa Idrisa.

Wazee walimpokea vizuri ghalani, katikati ya madumu ya asali. "Mwangaluka, binti," wakamsalimu kwa Kinyamwezi. Akasoma karatasi yake kwa sauti. Alipomaliza, mzee Vedasto alikuwa amekunja uso.

"Kwa hiyo hutuamini?"

Shamila alitaka kusema usijali baba. Neno lilikuwa ulimini kabisa. Akalimeza.

"Nawaamini, baba. Ila nimechoka. Wewe unaniambia niuondoe mzinga. Mwenyekiti ananiambia niukuze. Mama anataka na uyoga. Nimsikilize nani?"

Wazee wakatazamana.

"Vedasto," mzee Tobias akauliza, "kumbe na wewe ulikuwa unapiga?"

"Nilidhani napiga peke yangu!"

"Na mimi nilidhani napiga peke yangu!" akasema mama Apolinaria, akaangua kicheko mpaka akashika dumu. "Masikini mtoto wa watu, tumemtesa! Vedasto, hebu kumbuka tulipokwenda kukuposea. Mshenga alikuwa mmoja. Mahari ilitajwa, siku ilitajwa. Nani alisema hatuaminiani? Kila shangazi angejisemea lake, wewe ungeoa?"

"Mpaka leo ningekuwa kapera," mzee Vedasto akakiri, na uso ukamkunjuka.

Wakamchagua mama Apolinaria awe mshenga wa tovuti. Kila mwenye wazo ampelekee yeye, nao waamue pamoja kabla simu haijapigwa Tabora. Wakabishana kidogo kuhusu picha, wakakubaliana: mzinga ubaki, na chupa iwe pembeni yake. Uyoga uliandikwa kuwa kazi mpya, ya baadaye, kwa malipo yake. Wakatia sahihi nakala mbili. Moja ikabaki Sikonge, nyingine Shamila akaondoka nayo.

Tarehe waliyoandika haikupita. Tovuti ilifunguliwa, na Shamila akakikabidhi kikundi neno la siri. Alilala mchana ule kama aliyetoka kulima. Alipoamka, akamwambia Shomari, "Mwambie shemeji atafute mtu mwingine. Mimi nina kazi yangu." Siku hizi akipata mteja, hata akiwa ndugu wa damu, hafungui kompyuta kabla hawajaandikiana. Wapo wanaonuna. Huwasubiri wanune, wamalize, kisha huandikiana nao.

Asubuhi moja simu iliita. Mama Apolinaria. Moyo wa Shamila ukapiga pa! Uchovu wote wa miezi ile ukamrudia mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, jana kapiga mtu kutoka Mwanza, kaagiza asali. Kasema katuona kwenye simu."

"Alhamdulillahi! Sasa mama, kuna kitu cha kurekebisha?"

"Hakuna. Nakuuliza tu, umekunywa chai?"

Shamila alijifuta macho kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ndiyo nakunywa, mama," akasema. Kikombe kilikuwa mkononi, na chai ilikuwa bado ya moto.