Pigo Moja Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu Wenceslaus, wa Kitaji. Mkewe, marehemu Ursula, alipenda kanda yao ya nyimbo za gwaride za Kimarekani. Bendi ikipiga, naye jikoni alifuatisha kwa kijiko juu ya mfuniko wa sufuria, kila mara pigo moja nyuma.

Matanga yalipokwisha, Wenceslaus alipeleka sufuria na mfuniko wake Suguti, kwa dada wa marehemu.

"Shemeji, si ubaki nayo? Ulikuwaga unamcheka eti jeshini angeachwa."

"Chukua, Benedikta. Nataka nisikilize wimbo mmoja bila kumngojea."

Jioni, akiwa amerudi kwake Kitaji, akaweka kanda. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Bendi ikanyamaza, giza likajaa sebuleni. Akaendelea kuhesabu kichwani mpaka pigo la mwisho.

Pigo moja baadaye, jikoni, mfuniko ulilia.