Jina Lililosomwa Barazani

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeingia, na steshini ya Morogoro ilijaa watu, vikapu, kuku na moshi. Felista alisimama karibu na mlango, kanga nyekundu ameifunga juu ya gauni lake jeupe la misheni, akimkagua kila mwanamume mrefu aliyepita. Akamshika mmoja mkono.

"Wewe ndiye Mwinjuma wa Kilosa?"

"Ningekuwa yeye ungenifanya nini?"

"Ningekuuliza wake zako wawili umewaachia nani, wewe unayeposa wa tatu hapa mjini ukisema hujaoa."

Kijana akacheka polepole. Alivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi vizuri, na begani alining'iniza waya uliokunjwa duara. "Mimi Kasiani, fundi wa nyaya za simu. Mke sina hata mmoja. Lakini mkono unaweza kuendelea kuushika."

Felista aliuachia kama aliyeshika sufuria ya moto.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu reli ifike Morogoro. Wageni walimiminika kutoka kila upande, na kila mmoja alisema hana mke, hana kesi, ametoka kwa watu wema. Boma la Wadachi, watawala wa Kijerumani, lilikuwa na vitabu vya mashauri na vya kodi, na daftari la wageni ambamo kila aliyehamia mjini aliandikwa pamoja na karatasi alizokuja nazo. Jumamosi asubuhi vitabu hivyo viliwekwa barazani, asome atakaye. Wenye kujua kusoma walikuwa wachache, na makarani walitaka rupia nzima. Felista, aliyejifunza herufi misheni ya Matombo, alisoma kwa fungu la mchicha au mayai mawili. Akina mama wenye mabinti walimpenda kwa kuwa hakusoma nusunusu. Kilichoandikwa alikisoma chote, kwa sauti.

Kasiani akaanza kupita nyumbani kwa shangazi yake Felista, alikokuwa akikaa. Siku moja alileta ndizi mbivu, siku nyingine hakuleta kitu ila maneno.

"Bibi msomaji, umeshanitafuta daftarini?"

"Nikutafute kwa nini? Umeniletea mayai?"

"Unaniamini bure?"

"Nakuamini kwa mkopo," Felista alisema, akainamia ukili aliokuwa akisuka ili asionekane anavyotabasamu.

Alipomuuliza kwao, Kasiani alisema ni Msagara, mama yake ni wa huko nyuma ya Kilosa, watu wa ukoo mkubwa. Aliyasema haraka, kisha akazungumzia mvua. Felista aliona, lakini moyo ulikuwa umekwisha kulainika. Kila Jumamosi daftari la wageni lilipita mikononi mwake kwa ajili ya watu wengine tu, na jina la Kasiani hakulitafuta.

Kasiani alipotaka kuposa, habari zilipelekwa mlimani kwa Mjomba Alois, kwa kuwa kwa Waluguru ukoo ni wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Mzee akashuka na fimbo yake, akafika bomani Jumamosi, baraza imejaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unawasomea watoto wa watu. Leo nisomee na huyo wako."

"Mjomba, huyu namjua."

"Hata hawa mama wote walidhani wanawajua. Soma."

Felista alifungua daftari. Kidole kilishuka mpaka kwenye jina, kikasimama hapo. Angeweza kusoma Msagara, na mjomba asingejua. Aliwatazama wale wanawake waliomkabidhi mabinti zao, akasoma.

"Kasiani, zamani Feruzi. Mtumwa aliyeachwa huru, barua ya uhuru imeonwa. Alinunuliwa akiwa na umri wa miaka sita hivi. Alilelewa misheni ya Bagamoyo. Alikozaliwa hakujulikani. Mama hajulikani."

Felista alipoinua uso alimwona Kasiani chini ya ngazi, amevaa shati jeupe la Jumapili, amekuja kumwamkia mjomba. Aligeuka, akaondoka kwa hatua za mtu anayejizuia kukimbia.

Jioni alikuwa ameshaomba apelekwe kambi ya mafundi wa simu, Kilosa.

"Utumwa si kosa lake," mjomba alisema walipokuwa nyumbani. "Uongo ndio wake."

"Alikuwa anaogopa."

"Basi aje aniambie anaogopa. Mimi sitamwozesha mwanangu kwa mtu ambaye habari zake nimeambiwa na kitabu."

Felista hakulala vizuri siku tatu. Siku ya nne alikwenda steshini, akamwomba karani wa simu ampelekee maneno Kilosa. Alijua atakayeyapokea upande wa pili ni nani.

"Andika: Daftari limesema. Sasa sema wewe."

Kidude cha simu ya maandishi kikagonga. Alikaa kwenye benchi. Baada ya muda kikagonga chenyewe, karani akasoma bila kumtazama usoni: "Ulinisoma mbele ya watu."

"Mwambie ndiyo. Ningesoma uongo, ungeishi na mwongo mwenzako."

Safari hii jibu lilichelewa mno, hata karani akainuka kunywa maji. Kisha likaja: "Mjomba yuko bado?"

"Mwambie yuko. Na mimi nipo."

Kesho yake treni ya mafundi wa reli ilimleta Kasiani kutoka Kilosa. Walipanda mlima pamoja na mzee, ukungu umefunika migomba, na uani kwa mjomba Kasiani akapiga magoti.

"Nilidanganya," alisema. "Mama namkumbuka mgongo tu, akitwanga. Lugha yake imenipotea. Kila nikiulizwa kwetu, naazima kabila."

"Huenda ukawa wa ukoo huu huu wa Felista, ukamwoa dada yako," mke wa mzee alinong'ona.

Mzee akamsikia. "Misafara ya watumwa ilipita mbali na kwetu huku juu. Shaka hiyo naibeba mimi. Na watoto watakuwa wa ukoo wa mama yao, kama tulivyo sote hapa. Mchumba kwetu hulima kwanza; jembe liko pale. Maharage yanataka palizi."

Kasiani alilima siku tatu, vibaya sana. Aling'oa maharage pamoja na magugu, viganja vikatoka malengelenge, na Felista alipita nyuma yake akiyapanda upya huku akicheka.

"Felista," alisema bila kuinua kichwa, "utanikubali mtu asiye na kwao?"

"Kwenu ni hapa unapoharibu maharage."

Siku ya tatu mke wa mzee alishuka shambani na chungu cha ugali na mboga. Akakitua miguuni pa Kasiani, akasema, "Kula, mkwe wangu, kabla hakijapoa."

Kasiani akaosha mikono, akala.